Gari, Basi na Uhuru wa Kuchagua



Juma hili ninaandika juu ya jambo linaloonekana la kidunia kabisa: jinsi tunavyotoka nyumbani asubuhi, kwa gari, basi, treni, baiskeli au miguu. Mwaka huu jambo hilo limeingia hata kwenye baraza la wazee kupitia mlango wa maegesho, na nitalifikia. Lakini nyuma yake kuna swali la maadili ambalo nimekuwa nalo tangu tarehe 29 Agosti 2023, siku London ilipotandaza eneo la hewa safi, lile ambalo sote tunaliita ULEZ, hadi kwenye mitaa yetu ya pembezoni. Je, ni haki mtu mwingine, awe serikali, mwajiri au hata kanisa, kupanga mambo kwa makusudi ili mimi nibadilishe namna ninavyosafiri, bila kunishawishi kwanza kwa hoja?

Wapo watu wanaofanya kazi hiyo kwa mshahara. Fani yao inaitwa sayansi ya tabia, na imezaliwa kutokana na saikolojia na uchumi. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002 kwa kazi ya namna hii, na Richard Thaler akaipata mwaka 2017. Mwaka 2008 Thaler na mwanasheria Cass Sunstein walitoa kitabu kiitwacho Nudge, neno ambalo kwa Kiswahili ningelieleza kuwa ni kumgusa mtu kwa kiwiko ili ageukie upande fulani, bila kumshika mkono wala kumzibia njia. Miaka miwili baadaye serikali ya Uingereza ikaunda kikosi chake yenyewe cha wataalamu wa aina hiyo.

Hoja yao ya msingi haimshangazi muuguzi. Mambo mengi tunayoyafanya kila siku hatuyaamui, tunayarudia tu. Mkono unashika funguo za gari kabla kichwa hakijauliza tunakwenda wapi. Hospitalini tumeijua hali hii muda mrefu. Tukitaka watu wasafishe mikono hatutegemei tangazo la ukutani, tunaweka dawa mlangoni na kando ya kila kitanda, pale mkono unapofika wenyewe. Na mtakumbuka kwamba tangu tarehe 20 Mei 2020 sheria ya England inamhesabu karibu kila mtu mzima kuwa amekubali kutoa viungo vyake akifariki, isipokuwa awe amesema hataki. Kabla ya hapo aliyekaa kimya alihesabiwa kuwa hajakubali. Watu ni walewale na kimya ni kilekile, ila maana ya kimya hicho imegeuzwa. Wengi usharikani waliniuliza wakati ule kama hilo ni sawa. Niliwajibu kwamba ni sawa maadamu kila mtu ameelezwa na kukataa ni rahisi. Kwenye usafiri jibu hilo halitoshi, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza nisimulie mfano ninaoupenda, wa mgomo. Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi hapa London waligoma kwa siku mbili, vituo vingi vikafungwa, na watu wakalazimika kutafuta njia nyingine za kwenda kazini. Baadaye wachumi wa Oxford na Cambridge walichunguza kumbukumbu za kadi za Oyster. Wakakuta kwamba mgomo ulipokwisha, takriban mtu mmoja katika kila ishirini hakurudi kwenye njia yake ya zamani, maana alikuwa amegundua iliyo bora zaidi. Hebu fikirini: watu wazima, wenye haraka, wanaolipa nauli kutoka mfukoni mwao, walikuwa wakipita njia isiyowafaa kila siku na hawakujua mpaka walipofungiwa mlango. Sehemu ya sababu ni ramani yenyewe. Ile ramani ya treni tuliyoizoea, iliyotokana na mchoro wa Harry Beck wa mwaka 1933, inavutia macho lakini haionyeshi umbali halisi. Kutoka Leicester Square hadi Covent Garden ni chini ya mita 300, na bado kila siku watu hushuka ngazi, husubiri treni, hupanda, hushuka na hupanda ngazi tena, kwa mwendo ambao bibi yangu angeumaliza kabla hawajafika jukwaani.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Bas Verplanken, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bath, na mwenzake walifanya utafiti na kaya 800 katika mji wa Peterborough. Nusu walikuwa wamehama nyumba hivi karibuni, nusu hawakuhama. Baadhi yao, katika kila kundi, walihimizwa wabadilishe mazoea kadhaa yanayohusu mazingira, usafiri ukiwemo. Himizo lilishika zaidi kwa waliohama, na zaidi hasa katika miezi mitatu hivi ya kwanza baada ya kuhama. Baada ya hapo dirisha likafunga. Mazoea mapya yalikuwa yamekwisha kukauka kama saruji.

Niliposoma hayo nilitufikiria sisi. Nani amehama kuliko sisi? Mtu anatua Heathrow na masanduku mawili, hana mazoea hata moja ya nchi hii, hajui hata upande wa kutazama anapovuka barabara. Watafiti wa Marekani wameliona jambo hili kwa wahamiaji wa huko: wanapofika hupanda mabasi, hutembea na kupeana lifti kuliko wenyeji, kisha kadiri miaka inavyopita wanafanana na wenyeji na kuhamia kwenye magari yao wenyewe. Hakuna aliyekaa akaamua kuiacha desturi ya kubanana kwenye daladala au matatu na kupokea mtoto wa abiria mwingine mapajani. Iliondoka tu, kama Kiswahili kinavyoondoka midomoni mwa watoto wetu.

Hapo nasikia sauti ya mzee mmoja kwenye kikao chetu, ambaye ninamheshimu sana. Alisema: "Mwanangu, mimi nilitembea kilomita tisa kwenda shule. Nimekuja Ulaya ili nitembee tena?" Tulicheka, lakini hilo si la kuchekwa tu. Kwa wengi wetu kutembea kulikuwa ni kukosa. Picha ya kwanza tuliyotuma nyumbani ilikuwa tumeegemea gari, hata kama gari lenyewe ni la shemeji. Gari linasema: sijapotea huku, mlivyochanga nauli yangu hamkuchanga bure. Mtaalamu aliyekulia kwenye nyumba yenye magari mawili anapomwambia mtu huyu kwamba baiskeli ni maisha mema, anamwambia jambo la kweli kwa mdomo ambao haukulipa gharama yake. Na kuna hesabu nyingine. Mtanzania wa kawaida anatoa hewa ya ukaa pungufu zaidi ya mara kumi kuliko Mwingereza. Deni hili hatukulianza sisi.

Hata hivyo sidhani hoja hiyo inatufikisha mwisho. Mtoto anayevuta moshi wa barabarani haulizi nani aliyeanza. Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa na miaka tisa alipofariki kwa pumu mwezi Februari 2013, akiishi kusini-mashariki mwa London karibu na barabara kuu ya South Circular. Desemba 2020 afisa wa sheria anayechunguza vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, na ilikuwa mara ya kwanza katika nchi hii jambo hilo kuandikwa hivyo. Kama muuguzi nimewashika mgongo watoto wengi wakipigania pumzi. Wanaokaa kando ya barabara zenye magari mengi, ambako kodi ya nyumba ni nafuu, mara nyingi ni watu wa aina yetu. Kwa hiyo tuko pande zote mbili za jambo hili. Tunaendesha, na watoto wetu wanavuta.

Sasa nirudi kwenye swali la haki. Wengine wanasema: msituguse kabisa, tuacheni huru. Ningekubali kama ingekuwapo hali ya kutoguswa. Lakini tumekuwa tukiguswa kwa viwiko miaka yote, na wauza magari, na mikopo ya "lipa kidogo kidogo kila mwezi", na maduka makubwa yaliyojengwa mahali ambapo mtu wa miguu anavuka barabara kwa kukimbia. Maegesho ya bure nayo ni kiwiko. Barabara pana isiyo na njia ya waendao kwa miguu ni zaidi ya kiwiko, ni amri. Hata akili yako unapochelewa si yako kabisa. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walitangaza jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa seminari huko Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitakiwa aende jengo la jirani kutoa mada, na baadhi yao mada yao ilikuwa mfano wa Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa mtu aliyejikunja mlangoni akikohoa. Wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa sana, asilimia 10 tu. Kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Kilicholeta tofauti ni saa.

Jaribio hilo limenifundisha kupunguza hukumu. Ukimwona mtu anaendesha gari mwendo wa dakika kumi kwa miguu, usianze na tabia yake. Anza na ratiba yake. Huenda anatoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, anatakiwa kumpokea mtoto kwa mwenzake anayeingia kazini saa mbili na nusu, na katikati apitie dukani.

Na hapa ndipo sayansi yenyewe, ikiwa ya kweli, inakiri mipaka yake. Mwaka 2020 watafiti wawili, Ariella Kristal na Ashley Whillans, walitangaza matokeo ya majaribio matano waliyoyafanya kwa makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa kiwanja kimoja kikubwa cha ndege barani Ulaya. Walitumia barua za kuwahimiza watu wachangie magari, mipango ya safari iliyoandaliwa kwa ajili ya kila mmoja, na mbinu nyingine ambazo vitabu vinazisifu. Hakuna kilichobadilika cha kuonekana. Watu waliendelea kuja na magari yao peke yao. Ninawaheshimu kwa kulitangaza jambo hilo waziwazi, kwa sababu wengi huzika kazi iliyoshindwa. Lakini sikushangaa. Tunao hapa usharikani watu wanaofanya kazi kwenye viwanja vya ndege: wanafagia, wanapakia mizigo, wanakagua abiria. Zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Ukimwandikia barua dada huyo kwa karatasi nzuri, yenye jina lake, juu ya faida za usafiri wa pamoja, ataisoma akiwa kwenye gari lake akisubiri kioo kiyeyuke barafu.

Wodini kulikuwa na neno tulilokuwa tukilisikia kwenye makabidhiano ya zamu: mgonjwa huyu ni mkaidi, hanywi dawa. Muuguzi mzuri anauliza maswali kabla ya kulikubali neno hilo. Je, anaweza kufungua kifuniko cha chupa? Anasoma Kiingereza? Dawa inamkosesha usingizi? Ana pesa ya kulipia? Mara nyingi, mahali pa ukaidi unakuta kifuniko kigumu. Ndiyo maana nasema kwamba kwenye usafiri jibu langu la viungo vya mwili halitoshi. Kule ilitosha mtu kuelezwa na kupewa njia rahisi ya kukataa. Huku lazima kuwepo na jambo la tatu, kwamba ile njia unayomsukumia ipo kweli. Kumgusa mtu kwa kiwiko aelekee kituo cha basi ambako basi halipiti ni dhihaka. Na kumtoza ni kibaya zaidi.

Hapo ninapima ULEZ, na kipimo kinatoka na alama mchanganyiko. Tozo si kiwiko, ni bei: pauni 12.50 kwa siku kwa gari lisilotimiza kiwango. Kwa uwazi inafaulu, kila mtu alijua. Kwa njia mbadala inafaulu kiasi, kwa kuwa basi la London lilikuwa pauni 1.75 mwaka 2023, unaweza kubadilisha mabasi ndani ya saa moja bila kulipa tena, na watoto wetu walio chini ya miaka 16 wanapanda bure. Familia nyingi hazijaketi kupiga hesabu hiyo. Lakini kwa usawa wa mzigo nina manung'uniko. Mwenye gari kubwa jipya la bei ya nyumba halipi kitu, na mwenye dizeli ya mwaka 2012 aliyoinunua kwa upatu analipa. Palikuwa na msaada wa hadi pauni 2,000 kwa mkazi wa London anayeacha gari lake la zamani, na mwanzoni ulikuwa kwa makundi machache tu. Ulifunguliwa kwa wakazi wote siku chache kabla ya tozo kuanza, na waliokuwa wakiishi ng'ambo ya mpaka, Essex au Kent, wakiingia London kufanya kazi, hawakustahili. Ninaiunga mkono hewa safi. Mpango ungeweza kuanza na msaada kisha tozo, na watu wangelala vizuri.

Stockholm walitumia njia nyingine ambayo nadhani ina heshima zaidi. Walianza kwa jaribio, kuanzia Januari hadi Julai 2006: kila gari linaloingia au kutoka katikati ya mji linalipa, na mabasi yakaongezwa kabla ya jaribio kuanza. Kabla yake wakazi wengi walipinga. Magari yalipungua kwa takriban moja ya tano. Mwezi Septemba mwaka uleule wakapiga kura ya maoni, na wengi wa wakazi wa mji wakachagua kuendelea. Watu walionjeshwa, wakaulizwa, wakajibu. Mtu aliyebadili mawazo kwa kuonja hajadanganywa.

Basi nije kwenye maegesho yetu. Kama mnavyojua, uwanja wa kanisa unajaa kabla ya kipindi cha sifa kwisha, magari yanafurika hadi barabara ya nyuma, na majirani wamelalamika. Pendekezo lililo mezani ni kukodi kiwanja cha jirani. Mimi ninapinga, walau kwa mwaka mmoja, na ninataka kusema sababu zangu hadharani badala ya kuzinong'ona kwenye kikao.

Kiwanja hicho tukikikodi kitajaa. Kila nafasi ya maegesho ni mwaliko, na familia ambayo leo inakuja kwa basi kwa kuogopa kukosa nafasi, kesho itakuja na gari. Hatujawahi kujaribu kitu kingine chochote. Tazameni hata ukurasa huu mnaousoma: maelezo ya jinsi ya kufika kanisani yanaanza na msimbo wa posta kwa ajili ya gari, yanaeleza pa kuegesha, na namba za mabasi ziko mstari wa mwisho. Hakuna aliyefanya hivyo kwa nia mbaya. Mtu aliandika anavyosafiri yeye. Lakini mgeni anayesoma anaambiwa, bila neno hilo kutamkwa, kwamba watu wa hapa huja na magari. Vivyo hivyo kamati ya ukarimu inapompokea mgeni, swali la kwanza ni nani atampitia na gari, na la pili, baada ya mwezi, ni kama amepata leseni. Ni upendo, sikatai. Ila ndani ya ile miezi mitatu ambayo mazoea bado ni udongo mbichi, tunamfinyanga kwa umbo moja tu.

Ningependa mtu wa kamati ampitie mgeni huyo nyumbani kwa miguu, apande naye basi Jumapili mbili, amwonyeshe anashukia wapi, amsaidie kumwombea mtoto kadi ya kusafiri bure. Inachukua muda wa mwenyeji, na huo ndio ugumu wake. Lakini basi la Jumapili asubuhi ukiwa na mwenzako linageuka kikao, na mgeni anajua mji kwa macho yake, si kupitia kioo cha gari la mtu. Anayeweza kufika kanisani mwenyewe anaweza pia kufika kwa daktari, maktaba na ofisi ya manispaa bila kungoja fadhila.

Yapo mapendekezo ambayo yaliletwa kwa nia njema na nisiyoyakubali. Mmoja alipendekeza kwamba kila mwenye gari ahesabiwe kuwa ameingia kwenye orodha ya lifti mpaka aseme hataki, kama ile sheria ya viungo. Hapana. Gari la mtu ni chumba cha nyumba yake, na kumkatalia mzee wa kanisa mbele ya watu si rahisi, hasa kwa dada aliye peke yake ambaye ana sababu zake za kutokuketi na mtu asiyemjua. Kiwiko ambacho huwezi kukikwepa bila aibu ni ngumi. Orodha iwepo, kila mtu ajiandikishe mwenyewe, na akina mama wawe na yao.

Mwingine alipendekeza watoto wa shule ya Jumapili wabandikiwe nyota wakija kwa miguu au kwa basi. Wataalamu wangelifurahia sana pendekezo hilo, maana ni kweli watoto hubadilisha nyumba. Mimi linanitisha. Mtoto wa miaka sita atarudi nyumbani na kumuuliza mama yake aliyetoka zamu alfajiri kwa nini wao hawapati nyota, na mama huyo hatakuwa na jibu ambalo mtoto analielewa. Tumetoka kwenye vijiji ambako kila mtu alijua nani hana viatu. Tusiijenge aibu hiyo upya kwa jina la mazingira.

Pia nisiwafiche jambo moja ambalo tukipiga hesabu kwa uaminifu linazidi yote. Familia ya watu wanne ikienda Nairobi au Dar es Salaam na kurudi, moshi wa safari hiyo unazidi ule wa gari la kawaida kwa mwaka mzima. Sitamwambia mtu asiende kumzika mama yake. Nadhani hakuna sayansi yenye haki ya kugusa hapo, na kama ipo nitaipinga. Lakini nalitaja ili tusije tukajiona watakatifu kwa sababu ya basi namba fulani, na ili wale wanaokwenda kila Desemba kwa ajili ya harusi za marafiki wajipime wenyewe.

Wapo wanaouliza kwa nini kanisa lijishughulishe na haya. Kwa sababu pesa ya kiwanja ni sadaka yenu, na majirani wanaolalamika ni majirani zetu.

Pia sisahau wale ambao gari kwao si chaguo. Kuna mama zetu wenye magoti yasiyopanda ngazi za basi, kuna familia zenye mapacha na kigari cha watoto, na kuna wanaotoka mbali Jumapili ambazo reli imefungwa kwa matengenezo, na wanajua uchungu wa basi la kufidia treni. Kuna wasichana wetu ambao kusimama kituoni gizani si salama, na wavulana wetu ambao nao wana hofu yao. Hao ndio wenye haki ya kwanza kwenye nafasi tulizo nazo leo. Mtu mwenye miguu mizima anayeishi vituo vinne kutoka hapa akiacha nafasi moja, nafasi hiyo ina mwenyewe tayari.

Baraza litakutana Jumapili ya pili ya mwezi ujao baada ya ibada. Kabla ya hapo nimeomba, na mwenyekiti amekubali, tuwaulize ninyi. Karatasi zitakuwa kwenye meza ya chai Jumapili hii na ijayo. Hatuulizi una gari gani wala unaendesha mara ngapi. Tunauliza unatoka nyumbani saa ngapi, unapitia wapi kabla ya kufika, na ni kitu gani kimoja kinachokuzuia kuja kwa njia nyingine. Hakuna mahali pa kuandika jina. Wasiopenda kuandika wanitafute jikoni wakati wa chai, nitawaandikia.